Mhariri, sauti ikiharibika msikimbilie spika, angalieni kloku

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga, kazi yangu ni ufundi wa vyombo vya sauti, amplifaya, mikseri, spika za misikitini na makanisani na kumbi za harusi, na miaka hii ya karibuni nimeingia pia kwenye kutengeneza visanduku vidogo vya kupiga sauti kwa kutumia maikrokontrola, zile bodi ndogo kama ESP32 na STM32 ambazo vijana wengi sasa hivi wanazo. Niliposoma kwenye ukurasa wenu wa teknolojia ile habari ya vijana waliojiundia redio na spika zao wenyewe nilifurahi sana kwa kweli, ila kuna mahali mwandishi aliandika kwamba sauti ikitoka mbovu basi shida ni spika ya bei rahisi au amplifaya feki, na hapo ndo nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu nimeletewa visanduku vya namna hiyo vingi tu mezani kwangu na spika ilikuwa nzima, amplifaya nzima, waya wazima, kilichokosewa ni kloku, yaani yale mapigo ya umeme yanayopanga kasi ya kutoa sauti. Na kloku haibadilishwi kwa kwenda dukani kununua spika nyingine, kijana anamaliza hela yake bure.

Naomba mniwie radhi barua itakuwa ndefu kidogo, ila jambo lenyewe halielezeki kwa mistari mitano.

Ndani ya kile kisanduku sauti inatembea kama namba. Kila namba moja tunaiita sampuli, na kila sekunde kuna namba 44,100 kwa sikio la kushoto na 44,100 kwa sikio la kulia, ama 48,000 na 48,000, inategemea na rekodi. Namba hizo zinatoka kwenye maikrokontrola kwenda kwenye chipu inayozigeuza kuwa umeme wa spika, ile tunayoiita DAC, na njia zinayopitia inaitwa I2S, waliitoa Philips mwaka 1986. Ina nyaya tatu tu. Waya wa data, waya wa mapigo ya biti, zile sifuri na moja zinazounda namba, ambao mafundi tunauita BCLK, na waya wa zamu unaoitwa WS au LRCLK, huo ukiwa chini maana yake namba inayopita ni ya kushoto na ukiwa juu ni ya kulia. Chipu nyingine zinataka na waya wa nne, MCLK, yaani kloku kuu, ambayo mara nyingi inapiga mara 256 ya hesabu ya sampuli za sekunde moja. Sasa piga hesabu mwenyewe, 44,100 mara 256 unapata 11,289,600, yaani 11.2896 MHz, na 48,000 mara 256 unapata 12.288 MHz. Hizo namba mbili mimi nimeziandika kwa kalamu ya maka ukutani juu ya meza yangu ya kazi, kila anayekuja kujifunza kwangu kitu cha kwanza namwonyesha ukuta.

Kwa nini nasema ni muhimu kiasi hicho? Kwa sababu DAC haina akili ya kujua wimbo ulirekodiwa kwa kasi gani. Yenyewe inatoa sauti kwa kasi ya kloku unayoipa, basi. Ukiipa kloku ya haraka inaimba haraka, ukiipa ya taratibu inaimba taratibu, haitakulalamikia wala haitawasha taa nyekundu.

Nilijifunza hilo vizuri siku moja kwenye mazoezi ya kikundi cha taarabu hapa hapa Tanga. Nilikuwa nimewatengenezea kisanduku cha kupigia zile rekodi za nyuma, wao wanapiga na kuimba juu yake. Rekodi walikuwa wamefanya kwa 48,000, na mimi kwenye programu nilikuwa nimeacha 44,100 kwa kuwa ndivyo ilivyokuja kwenye mfano wa laibrari, zile programu zilizoandikwa tayari na wengine, sikuwa na habari. Tukawasha. Mzee anayepiga udi akasikiliza kama nusu dakika hivi, akaanza kuzungusha vigingi vya udi wake, akalegeza kidogo, akalegeza tena, mwisho akaukamata udi wake na wimbo. Ila kijana wa kinanda akajaribu kitufe hiki akahamia cha chini yake, akahamia cha chini tena, akasema mzee huu wimbo haumo kwenye kinanda. Na alikuwa amesema kweli tupu! Kasi ikishuka kutoka 48,000 hadi 44,100 sauti inaanguka nusu toni moja na karibu nusu ya nusu toni nyingine, sasa kinanda kinaruka nusu toni kwa nusu toni, sisi tulikuwa tumedondokea katikati ya vitufe viwili. Udi unaweza kuufuata wimbo popote ulipo, kinanda hakiwezi. Na wimbo wa dakika tano ulikuwa unachukua dakika tano na sekunde 26, wacheza shoo nao wakawa wanasema mbona leo miguu mizito. Watu wote pale wanaitazama spika. Hata mimi fundi nilianza kwa kugusa spika, nikaangalia na waya wa spika, nilipoteza saa zima la watu.

Toka siku ile programu zangu zote zinasoma kwanza kichwa cha faili, pale ndipo palipoandikwa rekodi ni ya sampuli ngapi kwa sekunde, afu ndo zinapanga kloku, na zikikutana na faili la kasi ambayo kisanduku hakiiwezi zinakataa kulipiga kabisa.

Sasa mtu atauliza, hizi kasi mbili zinatutesa zimetoka wapi, si wangechagua moja? Hii 44,100 ni ya zamani, ya enzi ambazo sauti ya namba ilikuwa inahifadhiwa kwenye mashine za kanda za video, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha bei ya kueleweka chenye uwezo wa kubeba data nyingi hivyo. Walikuwa wanaweka sampuli tatu kwenye kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde, zidisha utapata 44,100. Kwa mashine za Ulaya zikawa sampuli tatu, mistari 294, mara 50, jibu ni lile lile 44,100. CD zilipokuja kuuzwa mwaka 1982 zikairithi hiyo namba na sisi tukairithi kwao mpaka leo. Ukiivunja vunja namba yenyewe ni 4 mara 9 mara 25 mara 49. Iangalieni hiyo 49, ni saba mara saba, na hiyo ndiyo inayowapa vijana shida bila wao kujua, kwa sababu kristali zilizopo kwenye bodi zetu, vile vipande vinavyotoa mapigo ya kwanza ambayo kloku zote zinatokana nayo, ni za 8 MHz, 12 MHz, 40 MHz, hazina saba ndani yake hata moja. Ile 48,000 haina saba, kwa hiyo inatoka kirahisi kwenye kristali hizo kwa kuzidisha na kugawanya, lakini 44,100 unalazimika kuipata kwa kukadiria mpaka uisogelee.

Na kila chipu inakadiria kivyake, hapa ndipo pazuri.

ESP32 ile ya kwanza ina kloku ya ndani ya 160 MHz, na kuipata MCLK inagawanya kwa namba nzima ukijumlisha na sehemu, kama vile 13 na moja juu ya 48, na kwa bahati nzuri 160 ukigawanya kwa hiyo 13 na 1/48 unapata 12.288 kamili bila hata chembe kubaki. Safi kwa 48,000. Kwa 44,100 ingetakiwa ugawanye kwa 14 na 76/441, sasa ile nafasi ya kuandika namba ya chini ya sehemu ina biti sita tu, mwisho wake ni 63, hiyo 441 haiingii. Ya karibu zaidi inayoingia ni 14 na 5/29, na hiyo inakupa 44,099.76 kwa sekunde. Mtu akiona hapo atasema mbona tumepata tu, na kweli kwa wastani tumepata, kosa hilo ni dogo kuliko hata kosa la kristali yenyewe. Lakini sikilizeni hiyo kloku inavyotembea. Chipu haiwezi kuhesabu pigo na robo, inahesabu mapigo mazima, kwa hiyo inagawanya kwa 14, tena 14, tena 14, afu mara moja 15, tena inarudi 14, ili wastani ukae sawa. Ni kama mpiga ngoma ambaye kila akifika pigo la tano au la sita anachelewa kidogo, ukihesabu mapigo yake kwa saa nzima yametimia, ila aliyesimama pale kucheza anasikia kabisa. Kila kuchelewa hapo ni nanosekunde 6.25, ndogo sana, kwa spika ya tangazo la stendi hakuna atakayejua, lakini kwa mtu aliyenunua DAC nzuri kwa ajili ya muziki unakuwa umeichafua mwenyewe kabla haijaanza kazi. ESP32 hiyo hiyo ina mtambo mwingine ndani unaitwa APLL, umewekwa kwa ajili ya sauti, unatoa 11.2896 bila kuruka ruka, ni suala la kuuchagua tu kwenye mpangilio. Vijana wengi hawajui upo, na baadhi ya matoleo mapya ya ESP32, mfano S3, hayana APLL, kwa hiyo anayenunua bodi kwa kuangalia upya wake tu anaweza kuwa amekiacha kile alichokihitaji.

Raspberry Pi Pico nayo ile yenye RP2040 haina kabisa sehemu ya I2S, unaijenga kwa zile mashine ndogo za PIO zilizo ndani ya chipu, ambazo unazipangia kazi mwenyewe, na zenyewe pia zina kigawanyo chenye sehemu, zinaruka vile vile. Mimi nikitumia hiyo kwa 48,000 natoa kloku ya chipu nzima kwenye 125 MHz ya kawaida naipeleka 153.6 MHz. Kwa nini 153.6? Kristali yake ni 12 MHz, ukizidisha kwa 128 unapata 1,536, ukigawanya kwa 10 ni 153.6, na mashine ya PIO inayotumia hatua mbili kwa kila biti, biti 64 kwa kila jozi ya sampuli ya kushoto na kulia, inataka 6.144 MHz. Sasa gawanya 153.6 kwa 6.144. Ni 25 kamili! Hakuna sehemu, hakuna kuruka, kila pigo ni ndugu wa mwenzake. Siku nilipoipata hiyo hesabu kwenye karatasi nilimwita mke wangu kumwonyesha.

Turudi kwenye kisa kingine, maana hiki ndicho kilichonifundisha kuliko vyote, na ndicho nilichotaka hasa kuwasimulia wasomaji wenu.

Kuna ukumbi mmoja nilifunga visanduku vitatu vya STM32F4, kompyuta ya pale mbele inatuma sauti kwa waya wa mtandao, kila kisanduku kinapokea na kupeleka kwenye DAC na amplifaya ya upande wake. Sauti ilikuwa nzuri, mwenye ukumbi amefurahi, amelipa. Wiki ya pili akanipigia, fundi kuna kitu kinasema tik. Tik gani? Tik tu, kidogo, kama mtu anabonyeza kalamu, hotuba inaendelea mara tik, inaendelea tena muda, tik. Nikaenda. Fundi mwingine alikuwa keshapita akamwambia abadilishe spika zote, ameshapewa na bei.

Nikakaa kiti cha nyuma kabisa na simu yangu, nimewasha ile saa ya kupimia mbio, kila tik naandika. Dakika mbili na sekunde tano. Dakika mbili na sekunde nane. Dakika mbili na sekunde saba. Mhariri, spika mbovu haina ratiba. Waya uliolegea hauna ratiba. Kitu kinachorudi kila baada ya dakika mbili na sekunde chache muda wote wa hotuba, hiyo ni hesabu inafanya kazi mahali.

Nikarudi nyumbani nikafungua programu. Nilikuwa nimetumia namba za kwenye jedwali la manual ya chipu yenyewe kwa 44,100 ukiwa umewasha MCLK, ile PLL ya sauti, yaani mtambo wa ndani wa kuzidisha kloku, unaanzia 1 MHz unazidisha kwa 271 unagawanya kwa 2, inatoka 135.5 MHz, unaigawanya kwa 12 na kwa 256. Fanya hesabu, jibu ni 44,108 na ushee. Jedwali lenyewe halifichi, linasema kosa ni asilimia 0.0183, mimi niliiona siku ile ya kwanza nikasema aah asilimia sifuri nukta sifuri, nani atasikia. Na kweli toni hakuna wa kuisikia. Lakini kompyuta inatuma 44,100 na kisanduku kinakula 44,108, kila sekunde kinakula sampuli nane zaidi ya kinacholetewa, na bafa yangu, ile akiba ya sampuli zinazosubiri kupigwa, ilikuwa ya sampuli 1,024. Gawanya 1,024 kwa nane na ushee, ni sekunde 127. Dakika mbili na sekunde saba! Bafa inaisha, kisanduku kinakosa cha kupiga, tik, kinajaza upya, kinaanza tena safari ya dakika mbili. Zile sekunde mbili tatu za kupishana ni kwa sababu kristali nazo zina kosa lake na bafa haijazwi kwa kipimo kimoja kila mara.

Nilichofanya kwanza, DAC zilikuwa PCM5102A, ambazo hazihitaji MCLK kabisa, zina PLL yake ndani inayojitengenezea kutoka kwenye BCLK. Nikazima MCLK, na ukiizima chipu inakuwa na uhuru zaidi wa kugawanya, unazidisha kwa 302, unagawanya kwa 2, unapata 151 MHz, unaigawanya kwa 107 na kwa 32, jibu 44,100.47. Kwenye hesabu tik ikahama kutoka dakika mbili kwenda kwenye dakika 36 hivi. Wengi wangeishia hapo wakachukua hela yao. Mimi sikuridhika, kwa sababu hata ungeweka kristali ya 11.2896 kwenye pini ya kloku ya nje, na STM32F4 inayo hiyo pini, bado kompyuta ina kristali yake na kisanduku kina kristali yake, na kristali mbili hazijawahi kuwa sawa duniani, hata zile za kosa la 20 kwa milioni, kwa saa moja kila moja inaweza kukosea sehemu saba kati ya mia za sekunde. Kwa hiyo dawa yenyewe ikawa kuitazama bafa. Programu inaangalia bafa ina kiasi gani, ikianza kupungua chini ya nusu inarudia sampuli moja, ikizidi juu ya nusu inaruka sampuli moja, moja tu kati ya maelfu arobaini na ushee, kwenye hotuba sikio halipati kitu. Nilikaa ukumbini kuanzia asubuhi mpaka ibada na mkutano wake vikaisha, sikusikia tik hata moja. Spika ni zile zile mpaka leo.

Hizo PCM5102A zina mtego mwingine nimeshauona kwa vijana zaidi ya mara nne. Kwenye maandishi ya asili ya Philips waya wa mapigo ya biti umepewa jina SCK. Kwenye bodi ya PCM5102A kuna pini imeandikwa SCK pia, ila hapo maana yake ni kloku kuu, na mapigo ya biti yanaingia pini iliyoandikwa BCK. Kijana anaona SCK na SCK, anaunganisha, kimya. Anaitupa bodi, anaagiza nyingine Kariakoo, inakuja na basi, anaunganisha vile vile, kimya. Hiyo pini ya SCK kama huna MCLK inatakiwa iende graundi, na kwenye bodi zile za bei nafuu kuna sehemu ndogo ya kuunganisha kwa tone la risasi kwa kazi hiyo. Ni dakika moja na pasi ya kuchomelea.

Na ile amplifaya ndogo maarufu ya MAX98357A ambayo kila mtu anayo, datashiti yake, yaani maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji, imetaja kasi inazozikubali moja moja, 8,000, 16,000, 32,000, 44,100, 48,000, 88,200 na 96,000, na ikasema wazi kwamba 22,050 na 24,000 haizikubali, wala 11,025 wala 12,000. Sasa watu wa matangazo ya sauti, namaanisha zile za karibu mteja, foleni namba fulani, wanapenda sana 22,050 ili faili liwe dogo, afu wanashangaa. Rekodi kwa 16,000 au 32,000, maneno yanasikika vizuri tu. Maikrofoni ya INMP441 nayo inataka mapigo 64 kamili ya BCLK kwa kila mzunguko wa kushoto na kulia, ukiipanga kwa biti 16 kila upande unaipa 32, ndo unakuta mtu anasema maikrofoni zote alizonunua ni mbovu, sita kwa mpigo.

Ninachoomba, Mhariri, kiko wazi. Wanaofundisha vijana mambo haya, iwe vyuoni, iwe kwenye yale mafunzo ya wikiendi, wengi wanawapa programu ya kunakili, waya huu hapa, ule pale, bonyeza, imeimba, makofi, picha. Hakuna anayewaambia waanze na karatasi. Kijana inabidi kabla hajagusa bodi aandike rekodi yangu ni sampuli ngapi, kwa hiyo MCLK yangu ni ngapi, BCLK yangu ni ngapi, kristali ya bodi yangu ni ngapi, nitatokaje kwenye hii kristali mpaka kwenye hiyo namba, na nitakosea kwa kiasi gani. Afu akishawasha aweke kipimo kwenye pini ya LRCLK asome mwenyewe. Lojiki analaiza ndogo za USB, vile vipimo vya kuonyesha mapigo ya pini kwenye kompyuta, ziko bei ambayo wanafunzi wanne wakichangishana wanaimudu, na hata multimita nyingi zenye alama ya Hz zinaweza kusoma 44,100. Ile namba uliyoiandika kwenye programu ni ombi tu, kile chipu ilichoweza kukupa unakiona kwenye pini. Mimi kila kisanduku kinachotoka kwangu nabandika kikaratasi ndani ya kifuniko, kasi niliyoitaka na kasi niliyoipima, na tarehe, ili fundi atakayekifungua baada yangu asianze kubahatisha.

Na kwenu gazeti ombi langu ni nafasi. Haya mambo yote mimi niliyasoma kwa Kiingereza, usiku, na kamusi pembeni, datashiti ya kurasa mia mbili kwa ajili ya mstari mmoja, na kuna vijana wana vichwa vizuri kuliko changu wanaishia njiani kwa sababu ya lugha tu. Mmeonyesha mnajali kwa kuwaandika vijana wale wa redio. Basi wakati mwingine mkiandika habari kama ile, muulizeni kijana swali moja, kloku yako unaitoa wapi, na mchapishe jibu lake kama lilivyo hata kama ni hesabu. Wasomaji mafundi tupo, tutaisoma. Na kama nafasi ni finyu kabisa basi wekeni kwenye kona ya ukurasa zile namba mbili zilizo ukutani kwangu, 11.2896 kwa 44,100 na 12.288 kwa 48,000, kuna mtu atalikata gazeti abandike juu ya meza yake.

Wale vijana wa kwenye habari yenu, kama mnao mawasiliano nao, waambieni wasiitupe ile redio iliyokuwa inakwaruza. Waanze kuhesabu kukwaruza kunarudi kila baada ya muda gani, waandike, afu waangalie bafa yao ni ya sampuli ngapi.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa vyombo vya sauti,
Tanga